Kutoka rejesta ya wodi hadi utafiti wa magonjwa ya kuambukiza: mwongozo kwa daktari aliyepangiwa Kusini

Madaktari wengi wanaopangiwa Mtwara au Lindi hufika huku wakihesabu miezi ya kuondoka. Nawaelewa, kwani hata mimi nilihesabu. Anayetaka kuwa mtafiti huamini kwamba utafiti uko Muhimbili, Moshi, Mwanza au Ifakara, na kwamba Kusini ni mahali pa kusubiria uhamisho. Mwongozo huu ni wa yule daktari tarajali wa hospitali ya mkoa, Ligula ya Mtwara au Sokoine ya Lindi, na wa yule aliyeripoti wiki iliyopita katika hospitali ya wilaya, anayependa magonjwa ya kuambukiza lakini hajui aanzie wapi. Namwambia aanze na mgonjwa wa homa aliyekaa mbele yake, na aanze kwa kuandika vizuri.

Mfano hauko mbali. Mwaka 1952 na 1953 watu wa nyanda za juu za Makonde, upande wa Newala, walikumbwa na homa ya ghafla yenye maumivu makali ya viungo. Mtu aliweza kutaja saa hasa ilipomwanza. Jina la ugonjwa likatoka katika Kimakonde, kwa namna mgonjwa alivyopindika kwa maumivu: chikungunya. Daktari Marion Robinson aliandika dalili, W. H. R. Lumsden akaandika ulivyoenea, na makala zao zikachapishwa mwaka 1955. Mwaka uliofuata R. W. Ross akaeleza alivyokitenga kirusi chenyewe katika maabara ya Entebbe. Lumsden alimnyooshea kidole mbu aina ya Aedes aegypti, anayezaliana katika maji yaliyohifadhiwa nyumbani. Anayeijua Newala anaelewa mara moja: juu kule hakuna mto wala kijito, maji yalibebwa kichwani kutoka mabondeni, kila nyumba ikawa na mitungi yake. Leo Brazil na India wanalitamka neno la Kimakonde. Kazi ile ilianza kwa mtu kumsikiliza mgonjwa na kuandika alichokiona.

Hatua ya kwanza: uwe daktari kwanza

Miaka mitano ya shahada ya udaktari, mwaka mmoja wa utarajali, kisha usajili na leseni ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Hayo unayajua. Ninaloongeza ni kwamba usikimbilie shahada ya pili mara tu leseni ikitoka. Fanya kazi angalau miaka miwili mahali ambapo wewe ndiye unayeitwa usiku. Mtafiti wa homa ambaye hajawahi kukesha na mtoto wa degedege huuliza maswali ambayo hayamsaidii mtu. Na leseni usiiache ikaisha hata ukiwa umeingia kwenye mradi, kwa sababu miradi hufungwa na wewe utarudi kutibu.

Hatua ya pili: irekebishe rejesta

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko pote, na hapa ndipo wengi hupita mbio.

Fungua kitabu namba 5 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, yaani rejesta ya wagonjwa wa nje, kurasa za Februari au Machi mvua zikiwa zimekolea. Soma safu ya utambuzi wa ugonjwa kuanzia juu hadi chini. Utaona malaria, malaria, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), malaria, homa ya mapafu, malaria. Sasa rudi kwenye safu ya kipimo. Wapo walioandikiwa malaria huku MRDT, kipimo cha haraka cha malaria, ikisoma hasi. Wapo ambao nafasi ya kipimo iko wazi kabisa. Wapo ambao umri wao ni herufi mbili tu, "MM", mtu mzima, na huwezi kujua kama ana miaka 19 au 70. Ukitaka kufanya utafiti na kitabu hicho umekwama kabla hujaanza.

Kwa hiyo kaeni na muuguzi wa zamu na mtaalamu wa maabara, mkubaliane mambo machache yatakayoandikwa kwa kila mgonjwa wa homa bila kukosa: umri kwa miaka, kitongoji anakotoka, siku ya homa aliyofikia, joto la mwili kama lilivyopimwa, kipimo na jibu lake, na kama ametumia dawa mseto ya malaria ndani ya mwezi uliopita. Hili la mwisho lina sababu yake. MRDT nyingi hutafuta protini ya kimelea inayoweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa hiyo aliyetibiwa karibuni anaweza kusoma chanya ilhali homa ya leo ina chanzo kingine.

Usiamrishe. Muuguzi ana wagonjwa 80 mbele yake. Mimi nilianza kwa kukaa naye saa ya kwanza ya asubuhi, yeye akiita na mimi nikiandika, siku kumi mfululizo. Baada ya hapo aliendelea mwenyewe, na akanionyesha jambo ambalo sikuwa nimeliona: wagonjwa wa homa waliotoka bonde moja walikuja kwa makundi, wiki moja baada ya mvua kubwa.

Angalizo: usitembee na daftari lako binafsi lenye majina ya wagonjwa. Tumia namba. Na hata takwimu zilizokwisha kuandikwa na hospitali zinahitaji kibali cha maadili ukitaka kuzichapisha.

Hatua ya tatu: tafuta swali dogo linalouma

Wanaoanza huja na maswali makubwa mno. "Athari za mabadiliko ya tabianchi kwa magonjwa ya kuambukiza Kusini mwa Tanzania" ni swali la taasisi nzima kwa miaka kumi. Swali lako la kwanza liweze kujibiwa na watu watatu ndani ya mwaka mmoja.

Nikupe mifano miwili ya kukufungua macho. Mwaka 2007 na 2008 watafiti walifuatilia wagonjwa 870 wa homa waliolazwa katika hospitali mbili za Moshi. Madaktari walikuwa wameandika malaria kwa wagonjwa 528. Vipimo makini vilipofanyika, wenye malaria kweli walikuwa 14. Wengine walikuwa na bakteria kwenye damu, leptospira (ugonjwa utokanao na mkojo wa wanyama), homa za kupe, chikungunya na mengineyo. Usizihamishe namba za Moshi kuja Mtwara, kwa sababu mkoa wetu una malaria nyingi kuliko Kilimanjaro. Hilo ndilo linalofanya swali lenyewe liwe tamu: mahali ambapo malaria ni kweli ipo, homa nyingine hujificha nyuma yake kwa urahisi zaidi.

Mfano wa pili ni wa miaka ya karibuni. Julai 2022, katika eneo la Mbekenyera wilayani Ruangwa, watu walianza kuugua homa, kichwa, uchovu na kutokwa damu puani. Nchi nzima ilishika roho mkononi. Ebola, Marburg na UVIKO-19 vikapimwa, havikuonekana. Wizara ya Afya ikatangaza kuwa ni leptospirosis, homa ya mgunda. Wagonjwa 20 walikuwa wametambuliwa na watatu wamefariki. Mgunda ni shamba. Vimelea hutoka na mkojo wa panya na wanyama wengine, vikakaa kwenye tope na maji, vikaingia kwa mwenye kidonda mguuni. Ni ugonjwa unaotibika kwa antibiotiki za kawaida kama doksisaiklini na penisilini, ikiwa mtu ameuwazia mapema.

Sasa swali la ukubwa wako laweza kuwa hili: kati ya watu wazima wanaofika kituo chetu na homa na MRDT hasi, wangapi wana dalili za leptospira kwenye damu? Hesabu ya sampuli haitishi. Ukikisia asilimia 10 na ukataka usahihi wa asilimia 3 juu au chini, unazidisha 1.96 (namba ya uhakika wa asilimia 95) kwa 1.96, kisha kwa 0.10, kisha kwa 0.90, unagawa kwa 0.03 mara 0.03. Unapata 385. Ukitarajia mmoja kati ya kumi ataharibika au kujitoa, andikisha 428. Kama kituo chako kinaona wagonjwa wa namna hiyo watano kwa wiki, piga hesabu: ni zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Ama ongeza vituo, ama punguza matarajio. Afadhali uligundue hilo mezani kuliko ukiwa umeshaajiri watu.

Hatua ya nne: mlezi, na masomo ya bure

Huwezi kufanya haya peke yako. Tafuta mlezi aliyewahi kuchapisha na anayejibu ujumbe. Kati ya profesa maarufu asiyejibu na mtafiti wa ngazi ya kati anayesoma rasimu yako ndani ya wiki mbili, mchague huyu wa pili bila kusita. Historia ya tafiti Kusini itakusaidia kumpata: Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza kama maabara ndogo ya Waswisi miaka ya 1950, imefanya tafiti kubwa za watoto na malaria katika wilaya za Lindi na Mtwara. Soma makala hizo, tazama majina ya waandishi wa Kitanzania, waandikie. Ujumbe uwe mfupi: wewe ni nani, uko kituo gani, umeona nini kwenye rejesta, unaomba nini.

Ukisubiri majibu, soma. Cheti cha kanuni bora za utafiti wa kitabibu hupatikana mtandaoni bila malipo, na karibu kila mradi utakuuliza kama unacho. Majarida ya kulipia husomwa bure kupitia Research4Life ikiwa taasisi yako imejisajili. Jifunze programu ya takwimu ya R, ambayo hailipiwi. Halafu muulize Mganga Mkuu wa Wilaya kuhusu mafunzo ya epidemiolojia ya uwandani, elimu ya namna magonjwa yanavyoenea. Nchi yetu ina programu hiyo tangu 2008; kozi ndefu ni ya miaka miwili, na ipo fupi ya ngazi ya msingi unayoifanya huku ukiendelea na kazi. Kama ningerudi nyuma, hiyo fupi ningeifanya kabla ya kitu kingine chochote. Inakufundisha kuusoma mlipuko ukiwa bado ni watu wanne.

Hatua ya tano: andiko na vibali

Andiko la utafiti la kurasa 15 lililonyooka hupita haraka kuliko la kurasa 60. Lianzie kwenye kamati ya maadili ya taasisi ya mlezi wako, kisha kamati ya kitaifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Ukijaribu dawa au chanjo utahitaji pia kibali cha TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mshirika wa kigeni anahitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Sampuli zikitoka nje ya nchi lazima uwepo mkataba wa kuzihamisha, na uusome neno kwa neno: nani anamiliki kitakachobaki kwenye friza, na baada ya miaka mingapi kitateketezwa.

Andiko langu la kwanza lilirudishwa. Nilikuwa nimeandika kwamba wagonjwa watakaokutwa na ugonjwa "watapewa rufaa", basi. Mjumbe mmoja akauliza: rufaa kwenda wapi, kwa nauli ya nani? Niliumia wiki nzima, kisha nikaona alikuwa ananitetea mgonjwa wangu. Tangu hapo bajeti yangu ina mstari wa nauli na mstari wa dawa, na huo ndio mstari wa mwisho kuguswa fedha zikipungua.

Ukishapata kibali, ingia wilayani kwa heshima: Mganga Mkuu wa Mkoa, wa Wilaya, mganga mfawidhi, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa kijiji. Usiruke ngazi hata moja.

Hatua ya sita: ridhaa

Ukanda wetu wote wa pwani unalijua neno mumiani, mnyonya damu za watu. Mtu mgeni, gari jeupe, mirija ya damu: wazee walishasimulia habari hiyo kabla hatujazaliwa. Usiicheke hofu hiyo. Ina historia ya watu waliochukuliwa damu na wasielezwe kitu.

Nakumbuka bibi mmoja, upande wa Mtama, aliyeletwa na mjukuu wake. Nikamwamkia, shikamoo bibi. Marahaba, mjukuu wangu. Nikaanza kumsomea fomu. Ilikuwa na kurasa nne, Kiswahili chake kimenyooka kama sheria. Nilipofika ukurasa wa pili akaniwekea mkono juu ya karatasi. "Hebu iache hiyo. Damu yangu mnaipeleka wapi?" Nikamwambia inapimwa hapa leo, nyingine itapelekwa Morogoro kuangaliwa kama ana ugonjwa utokanao na panya. "Kiasi gani?" Nikamwonyesha kijiko cha chai, maana mililita tano ndiyo hiyo. "Nikikataa nitapewa dawa?" Utapewa, bibi, sawasawa na wengine. "Majibu nitayapata?" Nikamwambia utayapata, na siku nitakayokuja nayo nikamtajia. Akaweka dole gumba mbele ya shahidi.

Maswali yake manne yalikuwa ndiyo fomu nzima. Niliporudi nikaiandika upya, yakawa ya kwanza kabisa: damu inakwenda wapi, kiasi gani, nikikataa itakuwaje, majibu nitayapataje. Nakushauri uanze hapo hapo. Mjaribishie mtu asiye wa hospitali kabla ya kuipeleka kwenye kamati. Mama ntilie wa getini atakuambia neno gani halieleweki.

Hatua ya saba: sampuli

Kwa leptospira, damu moja mara nyingi haitoshi. Unachukua ya kwanza siku anapofika na ya pili wiki mbili hadi nne baadaye, ili uone kama kingamwili zimepanda. Kwa chikungunya, kirusi chenyewe hutafutwa wiki ya kwanza ya homa. Baada ya hapo unatafuta kingamwili. Ndiyo maana ile siku ya homa uliyoandika kwenye rejesta ina thamani kuliko mashine yoyote. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro kina uzoefu wa miaka mingi wa panya na leptospira. Zungumza nao kabla hujachukua mrija wa kwanza.

Wakati fulani, katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi, umeme ulikatika Ijumaa usiku na jenereta halikuwaka. Jumatatu nilifungua friza nikakuta maji. Sampuli za miezi mitatu ziliharibika, za watu walioniamini. Ilibidi nirudi vijijini kuwaambia. Tangu hapo nagawa kila sampuli mara mbili katika friza za majengo mawili tofauti, na kila friza ina kipimajoto kinachosomwa asubuhi na jioni na mtu mwenye jina, pamoja na sahihi yake. Sikukuu zina zamu yake. Andika zamu hiyo kabla ya Idi na Krismasi.

Hatua ya nane: jina lako kwenye makala

Kabla ya kukusanya chochote, kaeni mkubaliane kwa maandishi nani ataandika rasimu ya kwanza, nani atakuwa mwandishi wa kwanza, nani wa mwisho. Daktari wa wilayani aliyeandikisha wagonjwa 400 kisha akashukuriwa kwa mstari mmoja mwishoni ameonewa, na mara nyingi ameonewa kwa sababu hakuuliza mapema. Uliza. Kiingereza chako kikiwa kizito, andika hivyo hivyo. Sarufi hurekebishwa, uchambuzi ndio kazi. Na mtaalamu wa maabara aliyechangia mawazo na kusoma rasimu asiachwe nje kwa kuwa ana stashahada.

Majarida tapeli yatakutumia barua pepe za sifa, yakuahidi kuchapisha ndani ya siku saba. Yapuuze. Majarida mengi ya heshima hupunguza au kufuta ada kwa waandishi wa nchi kama yetu, lakini lazima uombe unapowasilisha. Na kumbuka masharti ya kibali chako kuhusu taarifa za maendeleo na ruhusa ya kuchapisha.

Hatua ya tisa: shahada na fedha

Ukiwa na makala moja, hata ndogo, milango hubadilika. Anayetaka kubaki wodini achukue udaktari bingwa wa magonjwa ya ndani au watoto, angalau miaka mitatu, Muhimbili, Moshi au Bugando. Anayetaka hesabu na jamii achukue shahada ya uzamili ya epidemiolojia. Ipo pia stashahada ya miezi mitatu ya tiba ya magonjwa ya tropiki inayoendeshwa na Shule ya London ya Usafi na Tiba ya Tropiki kwa Afrika Mashariki, na masomo yake hufanyika Moshi na Kampala. Kwa ufadhili tazama Jumuiya ya Madola, DAAD ya Ujerumani, Chevening ya Uingereza, na kwa watafiti waliokwisha kuanza, EDCTP, mpango wa Ulaya na Afrika wa kufadhili tafiti za tiba. Mtumishi wa umma aombe ruhusa ya masomo mapema. Nimeona barua ya ufadhili ikiisha muda ikisubiri sahihi ya mwajiri.

Ukiuliza safari hii inaweza kufika wapi, mtazame Dkt. Mwele Malecela. Hakuwa tabibu, alisomea zuolojia, lakini aliongoza mpango wa kutokomeza matende na mabusha ulioanza kugawa dawa Mafia mwaka 2000, akawa mkurugenzi mkuu wa NIMR, kisha akaongoza idara ya magonjwa yaliyosahaulika ya Shirika la Afya Duniani kule Geneva hadi alipofariki Februari 2022. Alikwenda Geneva na mabusha ya watu wetu kichwani mwake.

Kuhusu mishahara: mradi hulipa vizuri na huisha. Weka akiba ya miezi sita, mwambie mwenzi wako ukweli huo kabla hujasaini mkataba, na usiache ajira ya kudumu kwa mkataba wa mwaka mmoja ukiwa na watoto wadogo.

Hatua ya kumi: rudisha majibu kijijini

Panga siku ya mrejesho tangu kwenye bajeti. Majibu ya mtu mmoja mmoja yapelekwe kwa siri, mkononi mwake. Majibu ya jumla yaelezwe mkutanoni kwa Kiswahili cha kawaida, dakika 20, bila projekta, na uache saa nzima ya maswali. Wataulizia panya, wataulizia kisima, wataulizia kwa nini zahanati haina dawa. Ukae na mganga mfawidhi pembeni yako ili yale yasiyo ya kwako ayajibu yeye. Mwombe mwenyekiti akupangie tarehe, na mwombe iwe kabla ya Oktoba. Korosho zikianza kuanguka, kijiji chote kiko mikorosho tangu alfajiri, na jioni wanachambua.